Hitilafu 10 za Taa za Gari, Tukihesabu Kushuka Hadi Ile Inayowatoa Mafundi Jasho

Muulize dereva yeyote wa Probox oili yake ilibadilishwa lini, atakutajia tarehe, aina ya oili na jina la fundi. Muulize taa yake ya breki ya kushoto inawaka au haiwaki, ataanza kutafuta mtu wa kumkanyagia pedali. Hapo ndipo tulipo, ndugu zangu, na ndiyo sababu ya orodha hii.

Taa za nje za gari zina wateja wawili. Wa kwanza ni wewe unayetaka kuona. Wa pili ni mwenzako anayetaka kukuona, na huyo ndiye tunayemsahau. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Usiku pale kuna nyati wanaovuka, na kuna malori yaliyoharibika ambayo alama yake pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa lami. Mwenye taa nzima mbele na nyuma anapita na anaonekana. Mwenye taa nusu anategemea macho ya watu wengine.

Kabla ya kuhesabu, tukubaliane vifaa. Tafuta testa yenye balbu ndani, multimita ya bei nafuu, msasa kidogo, na balbu moja ya wati 21 iliyochomelewa nyaya mbili ndefu. Hiyo ya mwisho haina jina rasmi, lakini itakuokolea pesa nyingi kuliko chochote kilichomo kwenye sanduku la fundi. Tukubaliane pia swali la kwanza, ambalo huulizwa kabla ya kushika bisibisi: imekufa moja au zimekufa zote? Ikifa moja, tatizo liko karibu na taa yenyewe: balbu, hoda (kishikio cha balbu), ethi (njia ya umeme kurudi betri), waya wa mwisho. Zikifa za pande zote mbili kwa mpigo, acha balbu zipumzike, anza na fyuzi, rilei na swichi. Swali hilo moja linamaliza nusu ya kazi, na halilipiwi.

Haya, tunashuka.

10. Balbu imekufa kifo cha kawaida

Hii ndiyo hitilafu yenye heshima kuliko zote. Haimsumbui mtu, inajieleza yenyewe, inataka balbu mpya tu.

Balbu ya H4, ambayo imejaa kwenye magari yetu ya Kijapani, ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wati 60 kwa ajili ya fulu, na wati 55 kwa ajili ya taa ya chini. Uzi mmoja unaweza kukatika mwingine ukabaki mzima. Basi dereva anagundua taa ya chini haiwaki, anapandisha fulu, anasafiri hadi Dodoma akifurahi kwamba amepona. Wewe umepona, bosi. Wale uliokutana nao njiani hawajapona.

Unapobadilisha balbu ya halojeni, kioo chake usikiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi hubaki pale, sehemu hiyo hupata joto kuliko nyingine, na kioo hudhoofika mapema. Shika chuma chake. Ukikosea ukagusa, futa kwa spiriti na kitambaa safi. Na kama umetoka kula chipsi kuku, mpe mwenzako aishike.

Kama balbu zinakufa mfululizo, kosa si la duka. Washa injini, pima volti kwenye betri. Ukisoma kati ya 13.8 na 14.5, chaji iko sawa. Ukisoma 15 na kuendelea, regyuleta ya altaneta imeharibika na inazipika balbu zako. Utanunua balbu hadi muuza spea akualike harusi ya mwanawe.

9. Balbu ya jirani

Unafika dukani Gerezani au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, unasema "nipe ya breki", unapewa inayofanana. Kufanana si undugu.

Balbu ya nyuma yenye kazi mbili, pakingi na breki, ina nyuzi mbili: wati 5 na wati 21. Vipini viwili vya pembeni ya shingo yake haviko kwenye usawa mmoja. Kimoja kiko juu, kingine chini, ili usiweze kuiweka kinyume. Balbu ya kazi moja, wati 21 peke yake, vipini vyake viko sawa na chini ina kidoti kimoja tu cha umeme. Ukiilazimisha hii kwenye hoda ya ile, kile kidoti kimoja kinaunganisha njia mbili ambazo hazikutakiwa kujuana. Matokeo yake unakanyaga breki na dashibodi inawaka taa zake mchana kweupe. Watu wamefungua dashibodi nzima kwa kosa hilo. Kabla hujakubali kufunguliwa dashibodi, toa balbu za nyuma na uzitazame shingoni.

8. Plastiki imegeuka njano

Vioo vya taa vya siku hizi si kioo, ni plastiki ya polikaboneti. Kiwandani hupakwa utando wa kuzuia mionzi ya urujuanimno. Jua la kwetu halina mzaha na utando huo. Ukiisha, plastiki inageuka njano, inakwaruzika, na mwanga unatawanyika kabla haujafika barabarani. Mwenye gari anaweka balbu kali zaidi, mwanga unatawanyika zaidi.

Dawa ipo na si ghali. Osha taa, bandika tepu kuzunguka ili usikwangue rangi ya bodi, kisha piga msasa wa maji ukianza na namba 800, halafu 1000, halafu 2000. Utaona taa imekuwa nyeupe kabisa; usipige kelele, ndivyo inavyotakiwa. Kila msasa unafuta mikwaruzo ya ule uliotangulia. Malizia kwa polishi, kisha upulize vanishi yenye kinga ya jua.

Na dawa ya meno? Inang'arisha, sibishi. Lakini haiachi kinga yoyote, kwa hiyo baada ya muda mfupi njano inarudi. Bakiza hiyo dawa kwa meno yako, nayo yanahitaji.

7. Fyuzi iliyovishwa karatasi ya sigara

Hapa natoka kwenye utani kidogo, kwa sababu hitilafu hii inachoma magari.

Fyuzi za plastiki za kuchomeka zina rangi, na rangi hizo zinaeleweka karibu dunia nzima: kahawia ni amperi 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Taa ya mbele ya wati 55 hula karibu amperi 4.6. Fyuzi ya 10 au 15 inaitosha kabisa, na imechaguliwa kulingana na unene wa waya unaokwenda kwenye taa. Kazi yake ni kukata kabla waya haujapata moto. Ukiivisha karatasi ya sigara, ile inayong'aa, au ukaweka ya kijani mahali pa nyekundu, umeufanya waya wenyewe uwe fyuzi. Na nyaya za taa za nyuma mara nyingi hupita chini ya zulia, karibu na kiti unachomkalisha mtoto.

Mazungumzo ya gereji huwa hivi:

"Bosi, hii fyuzi inakata kila nikiweka. Nikuwekee ya 30 tumalize?"

"Hapana, kaka. Nitafutie kwanza inakokatia."

Inatafutwaje? Hapa ndipo ile balbu yetu ya wati 21 yenye mikia inapoingia kazini. Toa fyuzi iliyokata na balbu za taa zinazolindwa nayo, chomeka mikia miwili mahali pa fyuzi, washa swichi ya taa hizo. Kama kuna waya uliochunika unaogusa bodi, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, wala hutaunguza fyuzi nyingine hata moja. Sasa anza kutikisa nyaya kidogo kidogo: nyuma ya taa, kwenye bampa, mahali zinapopenya bati, pale mtu alipofunga redio au kengele ya wizi. Balbu ikizima au kufifia ghafla ulipotikisa, simama hapohapo. Umemshika.

6. Indiketa yenye haraka

Unaonyesha unaingia kulia, indiketa inapiga tiki-tiki-tiki-tiki kuliko kawaida. Usiipige dashibodi. Gari linakuambia kwa adabu kwamba balbu moja ya upande huo haiwaki.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya taa za magari inataka indiketa ipige kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Flasha ya kielektroniki, yaani kifaa kinachopepesa indiketa, hupima umeme unaopita. Ukipungua, inajua kuna mwenzao ameanguka, inaongeza kasi ili wewe ushtuke. Kwenye magari ya zamani yenye flasha ya joto mambo ni kinyume: balbu ikifa, indiketa inalegea au inaganda kabisa bila kupepesa. Vyote viwili ni ujumbe uleule.

Sasa wapenzi wa LED, sogeeni karibu. LED hula umeme kidogo sana, kwa hiyo flasha ya kawaida inadhani balbu zote zimekufa na inakimbia. Wauzaji watakupa rizista ya oomu 6 uifunge sambamba. Inafanya kazi, lakini kila inapopiga inageuza karibu wati 24 kuwa joto. Ifunge kwenye bati la chuma, mbali na nyaya na plastiki. Bora zaidi nunua flasha iliyotengenezwa kwa ajili ya LED na uachane na jiko la pembeni.

Dondoo nyingine ya haraka: hazadi zinawaka zote nne lakini indiketa hazifanyi kazi? Balbu zako ni nzima na nyaya za kwenda kwenye taa ni nzima. Tazama fyuzi ya indiketa, mkono wa indiketa, na swichi ya hazadi yenyewe, maana kwenye magari mengi ya Kijapani ya zamani umeme wa indiketa hupitia ndani ya swichi hiyo. Bonyeza hazadi mara kadhaa, washa, zima. Vidoti vyake vikiwa na uchafu, indiketa zinaweza kufufuka hapohapo, na hapo umejua swichi ya kusafisha au kubadilisha.

5. Taa za breki zisizozima, na zile zisizowaka

Ukiteremka Kitonga au Salgaa nyuma ya lori, taa yake ya breki ndiyo habari pekee unayoipata kwa wakati. Lori lisilo na taa ya breki linakupa habari hiyo kwa bampa.

Anza kwa kuhesabu. Magari mengi yana taa tatu za breki: mbili pembeni na moja juu. Ya juu ikiwaka na mbili za chini zikawa kimya, swichi na fyuzi ni nzima. Kagua balbu za chini na ethi yake. Zote tatu zikiwa kimya, nenda kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi iliyo juu ya pedali. Kwenye gari la otomatiki kuna shahidi wa ziada: liva ya gia haitoki kwenye P hata ukanyage breki kwa miguu yote miwili. Kufuli ya gia husubiri habari ileile inayowasha taa za breki, na haijaipata.

Kinyume chake ni taa za breki zinazowaka usiku kucha hadi betri inalala. Hapa nitakuomba ufanye jambo moja kabla hujaita fundi: inama, tazama zulia la miguu chini ya pedali. Ukiokota vipande vidogo vya plastiki au mpira mkavu, umeshapata jibu. Kwenye mkono wa pedali kuna kitufe kidogo cha plastiki, kipana kama kucha, ambacho husukuma pini ya swichi pedali ikirudi juu. Kikizeeka kinamung'unyika na kudondoka, pini inapenya kwenye tundu lililoachwa wazi, na swichi inaamini umekanyaga breki milele. Kitufe hicho ni cha bei ya soda. Nimeona watu wakiuziwa swichi mpya, na taa hazikuzima, kwa sababu pini ya swichi mpya nayo ilipenya tundu lilelile.

Huna msaidizi wa kukukanyagia pedali? Rudi kinyumenyume hadi karibu na ukuta usiku, kanyaga, tazama wekundu kwenye kioo. Ukuta hauchoki na hauombi chai.

4. Mlango wa nyuma unaokula nyaya

Noah, IST, Vitz, Probox: kila gari ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu lina bomba la mpira karibu na bawaba, na ndani yake zimepita nyaya. Kila ukipakia ndizi, nyaya zinakunjwa. Kila ukishusha ndizi, zinakunjuliwa. Baada ya miaka mingi shaba inakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima, linang'aa, halina habari.

Dalili zake huchekesha watu wasiohusika. Taa ya namba inazima, taa ya breki ya juu inawaka mlango ukiwa wazi tu, waipa ya nyuma inagoma, kufuli inajifungua. Trafiki anakusimamisha kwa taa ya namba, unabadilisha balbu, kesho anakusimamisha tena pale pale. Mtaishia kuitana kwa majina.

Vua bomba la mpira, kamata kila waya sehemu mbili, uvute taratibu. Mzima hautarefuka. Uliokatika ndani utarefuka kidogo mkononi, kwa sababu unavuta ganda tupu. Kuurekebisha, usiunganishe pale pale ulipokatika. Kata sehemu iliyochoka yote, ongeza kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, chomelea kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa joto. Maungio yasikae usawa mmoja, la sivyo bomba halitaingia. Tepu nyeusi peke yake si matengenezo. Joto likipanda inageuka gundi, na waya unabaki uchi.

3. Wati 100 kwa nyaya za wati 60

"Kaka, hizi ndizo wanazofunga wenye mabasi." Sentensi hiyo imeyeyusha soketi nyingi kuliko jua la Dodoma.

Tufanye hesabu pamoja. Uzi wa fulu wa wati 60 kwenye volti 12 hula amperi 5. Wa wati 100 hula zaidi ya 8. Waya, soketi na swichi ya gari vilitengenezwa kwa ile 5. Vua soketi ya gari lililokaa na balbu hizo uitazame: plastiki imegeuka kahawia, tundu moja limelegea, na vibanio vya shaba ndani vimepoteza ukakamavu. Kibanio kilicholegea huongeza upinzani, upinzani huongeza joto, joto hukilegeza zaidi. Mwisho wake ni moshi kwenye mkono wa swichi, ambao bei yake haina uhusiano na bei ya balbu.

Linalonikera zaidi ni kwamba mara nyingi balbu za awali hazikuwa na shida. Balbu ya uzi hupoteza mwanga haraka sana volti zikishuka: volti zikipungua kwa asilimia 10, karibu theluthi ya mwanga inatoweka. Kwa hiyo ukiona taa zako hafifu, pima kabla ya kununua. Washa taa na injini, weka mkono mmoja wa multimita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye waya unaoingiza umeme kwenye balbu. Ukisoma chini ya nusu volti, njia ni safi. Ukisoma volti 1 au 2, mwanga wako umeibwa njiani. Sogeza mkono wa multimita hatua kwa hatua, kutoka rilei, kwenda fyuzi, kwenda soketi. Palipo na mruko mkubwa wa volti ndipo palipo na mwizi.

Tiba nzuri ya magari ya zamani ni kuweka rilei mbili karibu na betri, waya mnene na fyuzi yake, swichi ya zamani ibaki kuamrisha rilei tu. Gari la miaka mingi likitengenezwa hivyo kwa balbu zilezile za 60/55, mwenyewe anatoka nje kuangalia kama amebadilishiwa gari.

2. Taa nzima zinazowapofusha wenzako

Mwenye hitilafu hii hana malalamiko. Yeye anaona vizuri. Ndiyo maana ameshika nafasi ya pili.

Kioo cha ndani ya taa kimepindwa kwa hesabu, kikitegemea kwamba mwanga unatoka kwenye uzi mdogo uliokaa mahali maalumu. Ukiweka LED ya bei rahisi ambayo vijitaa vyake havijakaa pale uzi ulipokuwa, mwanga unarushwa ovyo: mwingine kwenye miti, mwingine machoni mwa bodaboda anayekuja. Xenoni nayo, ikifungwa kwenye taa ya halojeni, ni balaa lilelile. Tena ballasti yake huiwasha kwa zaidi ya volti 20,000, kwa hiyo usiichokonoe ikiwa imewashwa. Balbu zilizopakwa bluu ni jambo jingine: rangi inazuia sehemu ya mwanga. Umelipa zaidi, umepata pungufu.

Halafu kuna suala la upande. Taa ya chini haimwagi mwanga sawa pande zote. Sisi tunaoendesha kushoto, Tanzania, Kenya na Uganda, taa zetu hupanda kidogo upande wa kushoto ili kumulika mtembea kwa miguu na baiskeli pembeni, na hubaki chini upande wa kulia ili tusimpofushe anayekuja. Rwanda, Burundi, Kongo na Dubai wanaendesha kulia, na taa zao ni kinyume. Taa iliyotolewa kwenye gari la Dubai ikafungwa kwenye gari la Tanga inapanda upande wa anayekuja. Ni nzima, inang'aa, inakaa vizuri kwenye bampa, na inatupa mwanga machoni mwa mtu. Kabla ya kununua taa iliyotumika, iwashe ukutani. Mstari wa mwanga unatakiwa upande kushoto.

Kupima urefu ni kazi ya jioni moja. Upepo wa matairi uwe sawa, gari liwe mahali tambarare, kitufe cha kupandisha taa kwenye dashibodi kama kipo kiwekwe 0. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya tepu ukutani kwa urefu huohuo. Mstari wa juu wa taa ya chini unatakiwa ukae kama sentimita 10 chini ya alama. Kama uwanja ni mdogo, simama mita 5, iwe sentimita 5. Nyuma ya taa kuna skrubu za kurekebisha. Zungusha kidogo, rudi utazame. Ukipakia magunia nyuma, pua ya gari inapanda na taa zinapanda nayo. Kile kitufe cha 0 hadi 3 kiliwekwa kwa siku hiyo.

1. Ethi

Namba moja, wala hakuna anayekaribia. Mafundi huita ethi, wengine huita bodi: ni njia ya umeme kurudi betri kupitia bati la gari. Watu hujali umeme unaokuja. Unaorudi hauna mtetezi.

Ethi ikiharibika, taa hazifi kwa utaratibu. Unakanyaga breki, indiketa inawaka kidogo. Unawasha indiketa, pakingi zinapepesa nayo. Umeme umekosa njia yake ya kurudia, umetafuta njia nyingine kupitia uzi wa balbu ya jirani, na huko unawasha vitu ambavyo hukuviomba. Taa za nyuma zikianza kucheza ngoma hiyo, usinunue balbu, flasha wala swichi. Tafuta boliti ya ethi ya upande huo.

Kwa nini inawashinda wengi? Kwa sababu multimita inadanganya ukiiuliza vibaya. Waya wenye nyuzi ishirini za shaba zilizooza, ukabaki uzi mmoja, bado utaonyesha volti 12 kamili taa ikiwa haijaunganishwa. Ukitaka kujua nguvu za mpagazi, mbebeshe gunia. Pima taa ikiwa imewashwa: mkono mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye ethi ya hoda. Inatakiwa usome karibu na sifuri, sehemu ndogo tu ya volti. Ukisoma volti 2 au 3, umempata. Ili kuhakikisha, chukua waya mrefu, unganisha ethi ya hoda moja kwa moja na hasi ya betri. Taa zikitulia na kung'aa, hukumu imetoka.

Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, chumvi ya bahari inaharakisha mambo haya. Fungua boliti, utakuta kichwa chake kinang'aa kwa rangi nzuri huku chini ya kibanio kuna kutu ya kahawia na unga wa kijani. Kwangua bati kwa msasa hadi lionekane jeupe, safisha kibanio, weka washa yenye meno, kaza, kisha upake grisi juu ili maji yasirudi. Mafundi wengi hupaka rangi kwanza halafu wanakaza. Rangi haipitishi umeme hata ikiwa ya bei kali. Na usichome waya kwa ncha ya testa ukauacha na tundu. Maji ya chumvi huingia hapo, shaba hugeuka kijani, na baada ya muda unarudi gereji kwa hitilafu uliyoitengeneza siku ya matengenezo.

Kuna mtego mmoja wa mwisho, na wenye Toyota za zamani, Hilux na Land Cruiser, wausikie vizuri. Kwenye mengi ya magari hayo, swichi ya taa za mbele haikati chanya, inakata ethi. Umeme wa chanya hufika kwenye balbu kupitia fyuzi, na swichi ya fulu na taa ya chini huamua uzi gani urudishwe bodi. Kwa hiyo ukiwasha taa ya chini halafu ukagusa waya wa fulu kwa testa iliyobanwa kwenye bodi, testa itawaka, ingawa fulu imezimwa. Ukigusa waya wa taa ya chini inayowaka, testa haiwaki. Fundi asiyejua anakuambia nyaya zimepishana, anakata, anaunganisha upya, na sasa kweli zimepishana. Gari la namna hiyo, banisha testa kwenye chanya ya betri badala ya bodi, kila kitu kitasomeka.

Kwa hiyo safari hii, kabla hujamlipa mtu kwa balbu, rilei au taa nzima, mwombe akuonyeshe kwa macho yako volti ngapi zinapotea upande wa ethi, taa ikiwa imewashwa. Kama hana multimita, mshukuru kwa muda wake na uende kwa fundi mwenye nayo.